Baba yake babu wa mke wangu katokea wapi Ireland? Nimekwama kwenye sensa ya 1900

Mpekuzi:
Wakuu habari zenu. Mke wangu ni Mmarekani, sasa mama mkwe kanipa kazi ya kumtafutia ukoo wao na mi nikaingia kichwakichwa nikijua ni ya wikiendi moja, huu mwezi wa nne sasa. Baba yake babu wa mke wangu alitoka Ireland. Sensa ya Marekani ya 1900 yupo New York na mkewe na watoto wanne, kazaliwa Machi 1862, kaingia nchini 1885, alikozaliwa wameandika Ireland tu basi. Sensa ya 1890 simwoni kabisa. Kwenye familia wanasema karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndo alilikata jina la ukoo. Na jina lenyewe la kawaida mno, kule Ireland nimekuta wenye jina hilohilo kibao. Nianzie wapi?

Kalamu Butu:
Mkuu hiyo ya Ellis Island isahau, kile kituo kilifunguliwa Januari 1892 na mzee wako alishaingia miaka saba nyuma. Kama alishukia New York basi alipita Castle Garden, kituo cha wahamiaji cha kabla ya hapo. Halafu hata waliopita Ellis Island hawakukatwa majina, karani alikuwa na orodha iliyoletwa na meli anahakiki tu. Watu walibadilisha wenyewe baadaye, na wasiojua kuandika kila karani aliwaandika alivyosikia. Kwa hiyo tafuta spelingi zote, yenye O' mbele na isiyo nayo. Sensa ya 1890 usijichoshe, karibu yote iliharibiwa na moto wa Washington Januari 1921.

Dada Rejista:
Mi naona umemng'ang'ania mzee peke yake. Mtu mwenye jina la kawaida humpati kwa jina lake, unampata kwa watu wake. Rudi kwenye ukurasa uleule wa 1900, kuna safu inasema mama kazaa watoto wangapi na walio hai wangapi, wengi wanairuka hiyo. Kama ni zaidi ya wanne basi kuna waliofariki, na mtoto aliyefariki naye alibatizwa mahali, kama ni Wakatoliki kitabu cha ubatizo kwa kawaida kinataja jina la kwao mama pamoja na wasimamizi, na wasimamizi mara nyingi ni kaka au dada wa wazazi. Ukishajua mama kwao ni kina nani umepona, maana kibao wale unaokutana nao sasa wenye mke wa jina hilo hawazidi vidole vya mkono. Cheti cha kifo cha mzee kitafute ila majina ya wazazi pale anayataja mfiwa, tena siku hiyohiyo ya msiba, ujue kuna kukosea. Karatasi za uraia za kabla ya Septemba 1906 nyingi hazina maana, zimeandika nchi tu. Jiwe la kaburi mmeliona? Wengine walichongewa mpaka kaunti na parokia.

Mzee wa Mafaili:
Niongezee upande wa Ireland kwenyewe. Sensa zao za 1821 mpaka 1851 nyingi ziliungua kwenye ofisi ya nyaraka ya Four Courts pale Dublin 1922, za 1861 na 1871 serikali iliziharibu yenyewe, za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilizobaki nzima ni 1901 na 1911, bure mtandaoni. Yeye hayumo ila wazazi wake au nduguze wanaweza kuwemo. Vizazi vya watu wote vilianza kusajiliwa 1864, sasa kama kweli ni wa 1862 basi tegemea vitabu vya parokia, Maktaba ya Taifa ya Ireland imeviskani na kuviweka bure. Ila umri wa watu hawa usiuamini sana. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa Januari 1909, basi angalia mtu mmoja kwenye sensa ya 1901 na ya 1911, wapo walioongeza miaka kumi na tano ndani ya miaka kumi 😂 Huyo wako tafuta kuanzia 1857 mpaka 1867.

Mpekuzi:
Dah asanteni. Nimerudi kwenye ule ukurasa, mama kazaa SABA, hai wanne. Mama mkwe mwenyewe hakuwa anajua, kanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Halafu kuna kitu kingine, nyumba hiyohiyo chini ya watoto kuna mpangaji, kijana wa kiume kazaliwa Ireland kaingia 1891, jina la ukoo tofauti na la mzee. Nilimruka miezi yote minne nikisema wa nini huyu.

Dada Rejista:
Mpangaji wa hivyo mara nyingi ni mdogo wake mama. Chukua jina lake uende nalo kwenye ubatizo wa hao saba uone kama halijitokezi upande wa mama au kwa wasimamizi. Mzee muache apumzike kwanza.