KUNDI LA MAJIRANI, MTAA WA PASUA: Hilux ya Baba Glory

Baba Glory, 6:12
Habari za asubuhi majirani. Gari langu linasumbua, ni Toyota Hilux Vigo ya petroli, injini 2TR. Taa ya cheki injini imewaka. Ikipanda mlima wa Marangu na mzigo taa inawaka-inazima, ikifika tambarare inatulia lakini haizimi. Sailensi inatetemeka.

Mama Ivan, 6:15
Chomoa teminali ya betri dakika kumi, itazima.

Mzee Lyimo, 6:21
Hapana Mama Ivan, asiguse betri. Atafuta namba ya hitilafu pamoja na kumbukumbu ya mzunguko wa injini, joto na mzigo pale taa ilipowaka. Fundi anazihitaji hizo.
Baba Glory, usipande nayo mlima kabisa. Taa iliyotulia inakuruhusu kufika gereji polepole. Inayowaka na kuzima ni silinda inayomisi vibaya, yaani petroli haiungui ndani yake inavyotakiwa, na petroli hiyo inakwenda kuungulia ndani ya masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Yakiyeyuka yanaziba ekzosi, na masega ni ghali kuliko koili zote nne zinazopeleka umeme kwenye plagi.

Baba Glory, 7:40
Shikamoo Mzee. Nimeipaki. Kijana amechomeka kimashine cha kusoma hitilafu chini ya usukani, imetoka P0302. Ananiambia ninunue sensa ya oksijeni.

Mzee Lyimo, 7:44
Marahaba. Usinunue! P0302 ni silinda ya pili inamisi, basi. Haijataja sensa yoyote. Hesabu kuanzia mbele, upande wa mkanda.

Rehema Fundi Umeme, 7:52
Mzee yuko sahihi. Kumisi kwenye mlima kunanielekeza kwenye koili au plagi. Ukikanyaga mafuta hewa nyingi inaingia, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka. Koili iliyochoka inaweza kustahimili tambarare ikashindwa hapo.
Fanya hivi injini ikiwa imepoa na swichi imezimwa. Andika namba kwenye karatasi. Fungua bolti (spana namba 10) ya koili ya 2 na ya 3, bonyeza klipu ya soketi (usivute waya), zibadilishane nafasi. Plagi usiziguse bado, ukihamisha vyote kwa pamoja hutajua mbovu ni kipi. Futa namba kwa kimashine, endesha kidogo bila mzigo. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa njia hiyohiyo.

Mama Ivan, 7:58
Na ikibaki palepale?

Rehema Fundi Umeme, 8:03
Inafuata noseli inayonyunyiza petroli, halafu kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda angalia valvu.

Baba Glory, 11:26
Dada Rehema, imekuja P0303. Ila kwenye shimo la plagi ya 2 kuna oili, na mpira wa koili umelowa.

Rehema Fundi Umeme, 11:31
Asante kwa kuangalia, wengi wanaruka hapo. Oili hiyo inalainisha mpira, umeme unavujia pembeni. Ukiweka koili mpya peke yake itaharibika vilevile. Nunua koili moja, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) na sili za mashimo ya plagi. Kausha shimo kwa kitambaa kabla ya kutoa plagi, oili isidondokee ndani ya silinda.

Mzee Lyimo, 11:35
Na plagi zote nne uzitoe uzitazame. Yenye mstari mweusi kwenye kaure nyeupe haifai tena, hata ukiisugua.

Baba Glory, 11:37
Sawa Mzee. Naenda dukani na koili ya zamani mkononi nilinganishe soketi.