Daktari ashauri paka wangu ang'olewe magego yote: je, ataweza kula?

Mama Kachumbari, Donholm

Wafugaji wenzangu, nawasalimu. Nina paka jike wa miaka tisa hivi, jina lake Kachumbari, ambaye tangu mvua za masika amekuwa akiugua kinywa. Njaa anayo: hukimbilia bakuli, hunusa chakula, lakini akishakitia mdomoni hupiga ukelele na kurudi nyuma kana kwamba chakula chenyewe ndicho kilichomng'ata. Udenda humtiririka, wakati mwingine ukiwa na damu, kinywa chake kinanuka hadi chumba cha pili, na manyoya aliyokuwa akiyalamba kutwa sasa yamesokotana kwa sababu hawezi tena kujisafisha. Amekonda kiasi kwamba ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili.

Kliniki niliyompeleka mwanzo ilimdunga steroidi pamoja na antibiotiki, akapata nafuu ya ajabu, akala, akacheza. Dawa ilipoisha mwilini maradhi yakarejea. Alipodungwa tena, nafuu haikudumu kama ile ya awali. Daktari wa pili alimfungua kinywa kwa utulivu, akanionyesha kwa tochi jinsi nyama ya nyuma kabisa, pale taya la juu linapokutana na la chini, ilivyovimba na kuota vidonda. Anasema huu si ukoga wa kawaida bali ni uvimbe sugu wa fizi na kinywa, na kwamba tiba inayoeleweka ni kung'oa meno yote yaliyo nyuma ya chonge, na pengine hata chonge zenyewe.

Nyumbani mashauri yamegawanyika. Mama mkwe, ambaye amefuga paka Murang'a maisha yake yote ili wamlindie ghala, anaona kwamba kumtoa paka meno ni kumhukumu kufa njaa. Mume wangu hapingi, ila anauliza kwa nini tusiendelee na sindano ambazo ni nafuu mfukoni. Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia jambo hili: paka asiye na magego huishi vipi, kuna njia nyingine ya maana, na nitajuaje kwamba anayetaka kumpasua anaijua kazi hiyo?

Baba Nyau, Kasarani

Mama Kachumbari, pole sana. Paka wetu dume aling'olewa magego yote, na kwa hiyo nianze na hofu ya mama mkwe wako, kwa maana mke wangu alikuwa nayo hiyo hiyo. Paka hatafuni kama sisi. Taya lake haliendi upande kwa upande kusaga chakula. Magego yake kazi yake ni kukata nyama vipande vinavyomezeka, na mara nyingi hata chembe za chakula kikavu huzimeza nzima. Anayeishi nyumbani na kuwekewa chakula kilichokwisha kukatwakatwa hapotezi mengi. Paka wa ghala la Murang'a, ambaye mlo wake ni panya anayemrarua mwenyewe, ni habari nyingine, na hapo mama ana hoja.

Mtazame pia Kachumbari alivyo leo. Meno anayo yote, na bado hali. Kwetu hilo ndilo lililomaliza mjadala.

Baada ya upasuaji tulimlisha vitu laini kwa majuma kadhaa. Kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, aliyesagwa kwa blenda pamoja na supu yake, ndicho alichokipenda zaidi. Omena nao wanafaa, mradi uwaoshe vizuri kuondoa mchanga, uwachemshe bila chumvi na uwasage hadi miiba isisikike. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu, hata kile kidogo cha kuleta ladha, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Chakula kiwe vuguvugu: harufu yake hupanda, na paka anayeogopa kula huanza kwa pua.

Kuhusu gharama, omba makadirio ya maandishi kabla ya siku yenyewe, na uhakikishe yanataja vipimo vya damu, picha za eksirei, nusukaputi na dawa za kwenda nazo nyumbani, kwani hizo ndizo huja kuongezwa mwishoni. Mimi niliomba nipewe mapema zamu yangu ya kupokea fedha za chama. Daktari wetu pia alikubali kuigawa kazi mara mbili, upande mmoja wa kinywa kisha mwingine. Mfuko ulipumua, ingawa paka alilazimika kulazwa kwa nusukaputi mara mbili, jambo ambalo si jepesi kwa paka mzee.

Tabibu wa Wanyama Wadogo

Nimekuwa daktari wa mifugo jijini kwa miaka mingi na paka wa namna hii nimewaona mara kwa mara. Bila kumpima Kachumbari siwezi kusema ana nini, lakini nikichukulia kwamba mwenzangu ameona sawa, nieleze kwa nini anashauri hivyo.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili wa paka huupinga kupita kiasi ule utando wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Kwa paka wengine utando huo huleta wekundu kidogo ukingoni mwa fizi; kwa huyu hugeuza kinywa kizima kuwa kidonda. Virusi vya kalisi, ambavyo huleta mafua ya paka, hupatikana kwa wengi wa wagonjwa hawa, na ni vyema pia apimwe virusi vya UKIMWI wa paka na vya lukemia ya paka, kwa kuwa majibu hubadili matarajio. Hakuna anayeweza kusafisha utando huo kila siku katika kinywa kinachouma kiasi hicho, na hata ukisafishwa kwa mashine hospitalini huanza kurudi katika muda wa saa chache. Ndiyo maana tunaondoa mahali unapojishikiza, yaani jino lenyewe.

Steroidi huituliza kinga kwa muda, na ndiyo sababu mgonjwa alionekana kupona. Zikirudiwa kwa miezi zinaweza kumletea kisukari, na chanzo kinakuwa hakijaguswa. Tena, kadiri upasuaji unavyoahirishwa kwa sindano, ndivyo paka anavyofika mezani akiwa dhaifu zaidi. Mume wako aifanye hesabu ya mwaka mzima, si ya sindano moja.

Paka mzima ana meno 30, na kila mzizi unaoachwa nyuma unaweza kuuendeleza uvimbe. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wako kabla ya yote ni kama ana eksirei ya meno, na kama atapiga picha kabla ya kung'oa na baada ya kumaliza. Si kila kliniki Nairobi inayo. Asiyekuwa nayo hana namna ya kuthibitisha kwamba mizizi yote imetoka, hata awe na mkono mwepesi namna gani. Picha hizo huonyesha pia meno yanayoyeyuka kuanzia mizizini, tatizo ambalo paka wengi wa umri huo huwa nalo. Meno ya aina hiyo wakati mwingine hukatwa sehemu ya juu tu na mabaki yakaachwa ndani ya mfupa. Kwa paka mwenye uvimbe wa kinywa kizima njia hiyo haifai.

Uliza pia iwapo damu itapimwa kwanza ili hali ya figo na ini ijulikane, iwapo atatiwa mpira kwenye koromeo la pumzi ili maji na damu visiingie mapafuni, iwapo atadungwa ganzi kwenye taya pamoja na nusukaputi, na ni nani atakayemwangalia mapigo ya moyo na joto la mwili mpasuaji akiwa ameinamia meno. Mwezi huu wa Julai paka aliyekonda hupoteza joto upesi. Daktari anayeifahamu kazi hii hachukizwi na maswali hayo. Kisha thibitisha kwamba amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kama daktari mpasuaji, kwa sababu sheria ya mwaka 2011 inawatambua pia wasaidizi wa tiba ya mifugo, ambao ni watu muhimu mno lakini upasuaji huu si wao. Ukitaka maoni mengine, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Upper Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo. Piga simu kwanza uulize kama wanafanya kazi ya meno wakati huu.

Msomaji wa Ruaka

Nina jambo moja, na ni la dharura. Wakati mkisubiri siku ya upasuaji, mtu yeyote asimpe paka huyo Panadol wala paracetamoli ya jina lolote, hata robo ya tembe, kwa kumwonea huruma. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, na anaweza kufa. Vivyo hivyo ibuprofeni na diklofenaki. Jirani yangu aliuziwa paracetamoli kwa ajili ya paka na muuzaji wa agroveti ambaye amezoea ng'ombe na kuku. Dawa za maumivu zinazofaa paka zipo, na daktari ndiye wa kuzipima kwa uzito wake.

Mzee wa South B

Mimi sipingi upasuaji, ila naona mnamtayarisha mama huyu kwa matokeo ya aina moja. Paka wangu aling'olewa kila jino, eksirei ikathibitisha kwamba hakuna mzizi uliobaki, na bado nyuma ya kinywa hakukutulia. Analishwa sayiklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hadi leo, damu yake hupimwa mara kwa mara, na ukimtazama ni paka mwenye furaha anayelala juu ya televisheni. Lakini sikuwa nimeambiwa kwamba inaweza kuwa hivyo, na kwa miezi ile ya kwanza niliamini kwamba nimetapeliwa. Daktari aliyeandika hapo juu atoe takwimu zake waziwazi.

Tabibu wa Wanyama Wadogo

Mzee una haki ya kudai. Kwa makadirio ya jumla, takriban theluthi mbili ya paka hupona kabisa au hupata nafuu kubwa baada ya kung'olewa meno. Waliobaki hupata nafuu ndogo, na wachache hawapati kabisa. Hao ndio wanaohitaji kuendelea na dawa kama hiyo ya paka wako. Hata kwa wanaopona, nafuu haiji siku ya pili. Vidonda vya upasuaji hufunga katika majuma mawili hivi, lakini uvimbe wenyewe unaweza kuchukua miezi kadhaa kutulia, na katika kipindi hicho dawa za maumivu huendelea. Hata paka anayebaki na dawa, mara nyingi huhitaji kiasi kidogo kuliko alichohitaji akiwa na meno.

Mama Kachumbari, Donholm

Nimewasomea nyumbani majibu yote. Mama mkwe amenyamaza aliposikia habari ya panya na ghala, na katika nyumba hii hiyo ni ridhaa. Daktari wangu hana eksirei ya meno, na nilipomuuliza alikiri bila kuzunguka, akaniandikia barua ya kumpeleka kwa mwenzake aliye nayo. Nina maswali mawili yaliyobaki. Akikataa kula baada ya kurudi nyumbani, nisubiri kwa muda gani? Na tuna paka mwingine, mtoto wa mwaka mmoja, wanaokula bakuli moja: naye ataugua?

Tabibu wa Wanyama Wadogo

Usisubiri siku mbili. Paka asipokula kabisa kwa saa 24 baada ya kurudi nyumbani, mpigie aliyempasua, kwani paka anayefunga kwa siku kadhaa hujaza mafuta kwenye ini na maradhi hayo huua haraka kuliko kinywa. Paka aliyekuwa mnene zamani yumo hatarini zaidi. Akiwa ndio kwanza ameanza kula, mpime kila asubuhi kwenye mzani ule ule: jipime ukiwa umempakata, kisha jipime peke yako, au tumia mzani wa jikoni na beseni ukipata mwenye kumtuliza, maana mzani wa watu huficha upungufu wa gramu mia. Ikiwa mgonjwa tayari amedhoofika, muulize daktari kuhusu kumtia mpira mwembamba wa kulishia shingoni wakati angali amelala kwa nusukaputi. Wenye paka huutazama kwa hofu siku ya kwanza, kisha hushukuru, kwa sababu chakula na dawa hupitia humo bila kukigusa kinywa kinachouma.

Kuhusu huyo mdogo, virusi vya kalisi huambukizana kupitia mate, kwa hiyo tenganisha bakuli na uyaoshe kwa maji moto na sabuni. Yawezekana alishakutana navyo zamani. Wengi wanaovibeba hawapati kamwe ugonjwa huu wa kinywa, na binadamu havimwambukizi. Mpeleke akachanjwe mafua ya paka kama hajachanjwa, na siku hiyo hiyo afunguliwe kinywa: ukiona mstari mwekundu kwenye fizi zake katika umri huo, anza kumzoesha mswaki mdogo na dawa ya meno ya wanyama, si ile yenu ya nyumbani, wakati bado hakuna kinachomuuma.