Sauti niliyoisikia Kitonga inathibitisha kwamba Mungu yupo?

Suka_wa_Makambako:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa 19 huu barabarani, na kanisani naonekana Pasaka na Krismasi tu.

2014 nilikuwa nateremka mlima Kitonga, Iringa, na mahindi, tani 28, naelekea Dar. Kwenye kona moja nikanusa breki zinaungua. Nakanyaga, gari haikamati. Mbele yangu basi limejaa abiria. Hapo ikaja sauti, tulivu kabisa, ikaniita kwa jina alilokuwa akiniita marehemu bibi peke yake, ikasema: "Lalia mlima." Nikaliegemeza gari upande wa mlima, likasugua mwamba mpaka likasimama. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye mawe. Hakuna aliyeumia.

Utingo wangu alikaa pale pale, hakusikia kitu.

Tangu siku ile sina shaka na Mungu. Sasa kijana wangu yuko chuo, ananiambia: "Baba, hiyo inathibitisha kwamba ulisikia sauti, basi." Imeniuma. Nimjibu nini?

MamaNeema:
Bwana asifiwe! Mwambie Sauli naye aliitwa kwa jina njiani kwenda Dameski. Tena wenzake waliisikia ile sauti, Matendo 9:7.

Kijiweni_Fundi:
Mama, soma na 22:9. Pale anasema hawakuisikia.
Mkuu, Kitonga umeshuka mara ngapi? Mikono ya dereva mzee hufanya kazi kabla kichwa hakijajua. Mimi nadhani ulijiambia mwenyewe.

Mtoto_wa_Wete:
Assalamu alaykum. Kaka, mimi nakuamini kwamba ulisikia, na nakuamini kwamba Mungu yupo. Ila la kwanza halithibitishi la pili.

Mwaka 1995 nilikuwa mdogo Pemba, wakati wa popobawa, yule jini aliyesemwa anavamia watu usiku. Tulilala uani, majirani kundi zima, moto unawaka hadi alfajiri. Watu wazima, waswalihina, wasio na tabia ya uongo, walisimulia walivyokandamizwa kifua usiku wasiweze hata kupiga kelele. Walichokipata walikipata kweli, lakini popobawa yupo? Leo wengi watakwambia lile lilikuwa jinamizi na hofu. Tukisema kila anayehisi jambo kwa nguvu amethibitisha, itabidi tumpokee na popobawa.

Seminari_Zamani:
Mpemba kasema. Hata Kanisa letu halina haraka. Kibeho, Rwanda, wasichana walianza kusema wanamwona Bikira Maria Novemba 1981. Askofu akaunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia. Tamko likatoka Juni 2001, miaka karibu 20, na kati ya wengi waliodai kuona wakakubaliwa watatu tu. Na bado Mkatoliki halazimiki kuamini.
Mwanafalsafa Mmarekani William James, kwenye mihadhara yake ya Edinburgh 1901–1902, alisema hali kama hizi zina mamlaka kwa aliyezipata, na kwamba wa nje hawalazimiki kuzikubali bila kuzipima. Kwa hiyo kijana wako hajakosa adabu, na wewe hujakosa akili.

Suka_wa_Makambako:
Nimewasoma wote. Ya popobawa imenikaa kooni.
Jana nikampigia yule utingo, siku hizi ana bajaji Mbagala. Anasema vile vile, sauti hakusikia. Ila anakumbuka nilijibu, "Naam bibi." Mimi sikumbuki kusema hivyo.