MREJESHO: Semina ya usanifu na kamati ya kitabu cha kumbukumbu, Kigoma

Wakuu, niliuliza hapa kama niwapeleke wanafunzi wa kamati ya kitabu cha kumbukumbu cha kidato cha nne kwenye semina ya usanifu kabla picha hazijakusanywa, au tusubiri. Wengi mlisema twende mapema. Tumekwenda, asanteni sana.

Kilichotusaidia zaidi ni picha. Tulizoea kurushiana kwa WhatsApp kama kawaida, kumbe inazibana na kuzipunguzia ubora. Sasa tunazituma kama faili. Mkufunzi akaeleza hesabu: uchapaji mzuri unataka pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1200 isizidi kama sentimita 10 kwenye karatasi. Vijana walianza kupima picha zao palepale, nikafurahi mno.

Jingine ni idadi ya kurasa. Kitabu cha kubana pini katikati huenda kwa nne nne, maana karatasi moja ikikunjwa ni kurasa nne. Sisi tulipanga 50. Zimekuwa 52, na mbili za ziada wamepewa wapishi na walinzi. Uamuzi huo ni wa wanafunzi wenyewe, nami nauunga mkono kabisa.

Jalada bado linabishaniwa: wengine wanataka Ziwa Tanganyika, wengine stesheni ya reli. Mimi niko na wa stesheni, maana wengi wa bweni hufika kwa treni.

Mwenye uzoefu wa bei za uchapaji Kigoma au Tabora anijuze, tafadhali.