OpenSCAD: tundu la beringi 608 linatoka dogo kwenye CNC, shida ni nini?

Mchonga_Alumini:
Wakuu, salama? Nachonga kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) kiti cha beringi 608 (tundu mm 8, kipenyo cha nje 22, unene 7) kwenye alumini 6061 ya mm 60×40×12. Skripti ya OpenSCAD (programu ya kuchora 3D kwa kuandika kodi) ina cylinder(d=22, h=7), faili natoa kwa STL (umbo la pembetatu nyingi), naipeleka kwenye CAM (programu inayopanga njia ya kisu), endimili, yaani kisu cha kuchongea, ni ya mm 6. Tundu linasoma 21.88, nikizungusha kalipa kidogo linasoma 21.97. Ukutani kuna vibapa (sehemu ndogo zilizonyooka) vinaonekana kwa macho. Mashine haina tatizo, maana duara nililochora ndani ya CAM linatoka 22.00. Niandike 22.15 kwenye skripti yaishe?

Bapa_kwa_Bapa:
Usiongeze kwa kukisia, mkuu. OpenSCAD haina duara la kweli, inachora umbo la pande nyingi. Kwa $fa=12 na $fs=2 (mipangilio ya pembe na urefu wa kila upande) zinazokuja na programu, duara la mm 22 linapata pande 30. Kona ndizo zinazokaa kwenye kipenyo cha 22, pande zenyewe zinapita ndani yake: 22 × cos(6°) = 21.88. Hiyo 21.97 ni konani, ambako endimili ya mm 6 haifiki hadi mwisho.

Ukiandika 22.15, bapa kwa bapa unapata 22.03 na beringi inacheza. Andika hivi:

n=180; cylinder(d=22/cos(180/n), h=7, $fn=n);

Bapa zinakaa 22.00 kamili, kona 22.003.

Step_Siyo_STL:
Hesabu ni sahihi, ila STL bado itaipa mashine vimistari 180 vya G1 (amri ya mstari ulionyooka) badala ya G2/G3 (amri za tao), na kontrola za bei nafuu hugugumia hapo. STL ni ya printa ya 3D. Kwa kuchonga chuma hamia CadQuery (maktaba ya Python ya kuchora 3D), inatoa STEP, faili yenye duara halisi:

import cadquery as cq
kiti = (cq.Workplane("XY")
    .box(60, 40, 12, centered=(True, True, False))
    .edges("|Z").fillet(4)
    .faces(">Z").workplane()
    .cboreHole(18, 22, 7))
cq.exporters.export(kiti, "kiti.step")

Usiiondoe hiyo centered. Bila hiyo, sifuri ya Z inakaa katikati ya unene, na ukiweka sifuri ya mashine juu ya meza bila kuangalia, endimili inashuka mm 6 zaidi. Tundu la chini nimeweka 18 makusudi: likiwa 10, ringi ya ndani ya beringi itasugua sakafu.

Mchonga_Alumini:
Shukrani wakuu. Nikishapata STEP, nilenge kipimo gani?

Bapa_kwa_Bapa:
H7 (daraja la uvumilivu wa kipimo cha tundu), yaani 22.000 hadi 22.021. Kwenye skripti acha 22 tupu, marekebisho yafanyie kwenye fidia ya kisu huko CAM. Acha mm 0.2 ukutani, pita mara moja ya kumalizia, kisha rudia njia ileile bila kuongeza kitu. Endimili hupinda kidogo na mzunguko huo wa pili unaondoa kilichobaki. Kalipa ya 0.02 haitoshi kuamua H7, tafuta geji ya tundu. Na subiri kipande kipoe: alumini ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi, tundu la 22 linasoma kubwa kwa 0.01, karibu nusu ya nafasi yote uliyonayo.