"Ulaya si ya kila mtu": yule wa bajeti ya Yuro 50 amenidhalilisha mbele ya kundi zima

Ndugu zangu, naandika mikono ikinitetemeka, kwa kuwa jibu lenyewe nimelipata dakika kumi zilizopita. Yule bingwa wa safari mnamfahamu wote, sina haja ya kumtaja. Ndiye aliyeniuzia jedwali la "Paris kwa Yuro 50 kwa siku, malazi na chakula humo humo", na ndiye aliyeniambia leo, kundi zima la WhatsApp likisoma, kwamba Ulaya si ya kila mtu.

Nilimuuliza kwa adabu, nikamwita kaka. Nilikuwa nimeketi na mke wangu kwenye ngazi nje ya kituo cha treni cha Gare du Nord, Paris, daftari magotini, nikiorodhesha matumizi ya mtu mmoja kwa siku ya kwanza, kwa bei za 2025: treni kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle Yuro 13, kadi ya kuwekea tiketi Yuro 2, makumbusho ya Louvre Yuro 22. Hizo ni Yuro 37 kabla hujatia tonge kinywani, na kitanda bado. Jedwali lake linasema Louvre ni 17, bei iliyokoma Januari 2024, na metro, treni ya chini ya ardhi, 1.90, ilhali Januari 2025 safari moja ilipanda hadi 2.50. Kwa hesabu ile hata njiwa wa Paris angelala njaa! Nikauliza, "Kaka, pengo hili nilizibe wapi?" Ulaya si ya kila mtu.

Niliuliza bei ya tiketi, nikajibiwa hadhi yangu. Mke wangu alilisoma jibu kabla yangu. Akaizima simu, akaitia mkobani, asiseme neno. Ulaya si ya kila mtu, na fedha yangu ameshaila!

Mvuvi wa Pangani: Pole, lakini nawe umezidisha. Nauli ya uwanja wa ndege hailipwi kila siku. Igawanye kwa siku zote za safari. Na Louvre siku ya kwanza ya nini, wakati mkusanyo wa kudumu wa makumbusho ya Carnavalet hauna kiingilio?

Bi Mkubwa: Mwacheni, ameumizwa. Mimi jedwali hilo hilo lilinipangia Yuro 6 za maji mkahawani, nikazilipa siku tatu, mpaka mhudumu mwenyewe aliponionea huruma akanieleza kwamba ukiagiza "carafe d'eau" unaletewa maji ya bomba bure.

Mwenye uzi: Nashukuru, mama, lakini wewe hukuambiwa Ulaya si ya kila mtu.

Msafiri wa Jioni: Mnalilia maji! Kule Venice, Italia, nilitozwa Yuro 10 za kuingia mjini tu kwa kutwa moja, kwa sababu nilichelewa kujiandikisha. Waliowahi walilipa 5.

Fundi Saa: Wewe angalau ulifika. Mimi nilitoa Yuro 90 za viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, nikanyimwa, na ada hairudishwi. Hiyo niiweke kwenye bajeti ya siku ipi?

Mvuvi wa Pangani: Fundi, taarifa ya benki uliyopeleka ilikuwaje? Fedha iliingia kidogo kidogo au kwa mkupuo?

Fundi Saa: Kwa mkupuo, wiki moja kabla. Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu.

Bi Mkubwa: Hata mimi, ombi langu la kwanza la viza walilikataa kwa sababu hiyo hiyo, fedha ya mkupuo.