MJADALA: Gemu za bure za kwenye brauza, tuwafungie wanafunzi wetu wa Tanga au tuziwekee mwisho?

Mleta mada (mwalimu, Tanga mjini):

Wakuu, wazazi na walimu wenzangu, salaam. Naleta hoja ambayo watu wanaivutania sana hapa kwetu. Wazazi wengi wanataka kafe za intaneti za Ngamiani na Chumbageni zisimpokee mwanafunzi kabisa, na maabara za kompyuta mashuleni zifunge kila gemu. Nia yao naiheshimu. Ila dawa yenyewe naona haifiki kwenye kidonda, na naomba mnisikilize kabla hamjanirukia.

Kwanza tuelewane ni gemu zipi. Sisemi PlayStation za kulipia kibandani, wala kubeti. Nasema zile gemu nyepesi zinazofunguka ndani ya brauza. Hushushi programu, hujisajili. Unaandika jina la utani, unabonyeza kucheza, na papo hapo uko uwanjani na watu wa Brazil na Uturuki usiowajua. Iliyozipa umaarufu ni Agar.io, aliyoitengeneza kijana wa Kibrazil, Matheus Valadares, mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Wewe ni kiduara, unameza vitone unanenepa, unameza walio wadogo, na wakubwa wanakumeza. Basi, hakuna kingine. Mwaka 2016 Steve Howse akaja na Slither.io, pale kiduara kikawa nyoka. (Hiyo ".io" ni anuani ya mtandao ya visiwa vya Chagos, humu humu kwenye Bahari yetu ya Hindi, ingawa gemu zenyewe hazikutoka huko.) Kwa kuwa ni nyepesi, hata kompyuta kuukuu zinaziweza, na ndiyo maana zimeenea.

Sasa kwa nini zinashika hivi? Picha zake za kawaida, hadithi hazina, na zawadi hakuna. Nimesimama nyuma ya vijana maabara nikatazama. Mmoja nyoka wake kampa jina WAGOSI, kwa mapenzi ya Coastal Union, timu yetu ya mpira hapa Tanga. Kakua, kaingia kwenye orodha ya kumi bora pembeni ya kioo, darasa zima limemzunguka. Kikatokea kijoka chembamba cha mtu aliyeingia muda huo huo, kikamkata mbele, kichwa cha WAGOSI kikagusa ubavu wake. Kwisha. Mwili wote ukageuka punje za kung'aa na nyoka wengine wakazivamia. Nilidhani kijana atasonya au atapiga meza. Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza kucheza tena.

Hapo ndipo penye siri. Kufa hakukugharimu kitu na kurudi ni kubonyeza tu, kwa hiyo ile nafasi ambayo mtu angejiuliza "niondoke au niendelee?" haipo. Mgeni naye ana tumaini tangu anapoingia, maana kwenye Slither.io mdogo kabisa anaweza kumuua anayeongoza. Kwenye Agar.io ukiwa mkubwa unapungua taratibu hata usipoguswa na mtu, kwa hiyo kileleni hakupumzikiki. Tena hujui raundi ipi itakupa bahati. Mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, alionyesha zamani kwa njiwa kwamba chakula kisichotabirika kinamfanya ndege adonoe kitufe bila kuchoka. Ongeza na biashara: tangazo mara nyingi linakuja ukishakufa, kabla hujarudi. Anayefaidika anataka ufe na urudi, ufe na urudi.

Lakini kubwa kuliko yote, hazina mwisho. Bao la kete lina mwisho: mmoja kafungwa, watu barazani wanacheka, anayefuata anakaa. Mpira una dakika 90 na filimbi. Huku hakuna filimbi na hakuna mshindi. Anayeongoza anaongoza mpaka afe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mwisho ambao gemu haina, tuuweke sisi. Ukifunga kafe, mtoto atacheza kwenye simu ya kaka yake chooni, ambako hakuna jicho la mtu mzima. Korea Kusini waliweka sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni usiku wa manane, na mwaka 2021 wakaamua kuifuta. China mwaka huo huo wa 2021 wakabana zaidi, saa moja tu jioni za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na wanategemea mchezaji ajisajili kwa jina lake halisi. Gemu isiyouliza jina utaibana vipi kwa njia hiyo?

Napendekeza kafe zisipokee sare za shule saa za masomo, ziuze muda mfupi unaokatika wenyewe, na sisi walimu tuzichezeshe hadharani kwa raundi zenye kikomo. Karibuni.

Mzazi, Makorora:

Mwalimu, asante kwa maelezo, lakini wewe unamwona mtoto akiwa maabara na mimi namwona akirudi nyumbani. Mwanangu nampa nauli ya daladala na ya chai. Kumbe anapita kafe, halafu anatembea kwa mguu mpaka Makorora, anaingia magharibi imeshaadhiniwa, miguu vumbi, njaa imemkausha midomo. Nikimuuliza ananiambia walikuwa na masomo ya ziada. Uongo huo hakuzaliwa nao.

Unasema tuweke mwisho. Mtoto wa miaka kumi na mbili atauweka nani? Mimi nipo sokoni, baba yake yupo baharini, na mwenye kafe anataka pesa. Mbona michezo ya kubahatisha sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 na hatukusema tuwafundishe watoto kucheza dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, kwa kiasi? Tukakataza. Na haya tukataze.

Kijana, mwanachuo:

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Mimi nimecheza sana hizi gemu nikiwa sekondari na naomba nizitetee kidogo. Dubwi linakula sarafu yako, huku hakuna anayekulia dau. Sisi wengine tulizoea kompyuta kwa hizo hizo, kabla hazijatokea gemu hatukujua hata kushika mausi. Na tulikuwa tunacheza wanne, tunapangana tumzibie nani njia, tunacheka. Vijana wa hapa tuna sehemu ngapi za kukutana bila kulipia?

Halafu neno uraibu tulitumie kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa gemu, na orodha yake mpya ya magonjwa imeanza kutumika Januari 2022, lakini masharti yake ni mazito: mtu ameshindwa kabisa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, anaendelea japo inamwharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Anayechelewa kurudi nyumbani ana kosa la kuchelewa. Tusimpe jina la mgonjwa.

Mleta mada:

Mama, nauli kuliwa kafe ni jambo zito na silipunguzi. Ndiyo maana sijasema mtoto ajiwekee mwisho mwenyewe. Nimesema sisi. Dubwi nakubali likatazwe bila mjadala, kwa sababu limeundwa kuchukua pesa ya anayecheza. Gemu hizi zinachukua muda, na muda wa mtoto unalindwa na mtu aliye karibu naye saa hiyo, iwe ni mwalimu au mwenye kafe. Nampenda kijana alivyosema kuhusu kucheza wanne. Wanaocheza pamoja wanachoka pamoja na kuna mmoja atasema twendeni. Anayenitia hofu ni yule aliyejifungia peke yake na kioo.

Mwenye kafe, Ngamiani:

Nimeguswa, wacha niseme. Muda wa kukatika mwenyewe ninao, kompyuta zangu zote zina programu hiyo. Mwalimu, njoo uone dakika zinapoisha. "Anko niongezee tano tu, niko namba tatu!" Na kweli yuko namba tatu, namwona. Gemu hizi huwezi kuhifadhi ulipofika. Nikikata, alichojenga saa nzima kimepotea, analia machozi kabisa. Nikimwachia amalize, akiwa mjanja anaweza kukaa hai mpaka nifunge duka. Na akifa tu anataka kulipa tena ili arudie. Kwa hiyo huo muda mfupi mnaousema, mkiuangalia kwa karibu, ndio unaoniletea mauzo, kwa sababu kila ninapomkata anabaki na kiu.

Hilo mnanisaidiaje? Kwa sababu mimi pia ni mzazi, na umeme wa kafe unalipwa na hao hao.

Mleta mada:

Hapo umeleta kitu ambacho sisi tusiokaa kaunta hatukioni, na nashukuru. Basi mwisho uende na uhai badala ya dakika: akifa baada ya nusu saa kupita, hauziwi tena siku hiyo, hata akiwa na pesa mkononi. Na mwambie mapema anapokaa, kabla nyoka wake hajakua. Atakayebaki hai muda mrefu, mwache amalize, lakini saa kumi na mbili jioni kompyuta zote zinazimwa kwa watoto na wote wanajua tangu wanapoingia. Utapoteza mauzo, sikufichi.

Mzazi, Makorora:

Mimi bado nataka marufuku. Lakini kama mwenye kafe atakataa pesa ya mwanangu mara ya pili, huyo nitamwamkia njiani.

Mwenye kafe, Ngamiani:

Sare saa za masomo nimeshaacha kupokea. Hili la kutouza mara ya pili nitaanza nalo Jumatatu. Ila mtaa wa pili kuna vibanda viwili, nikimkataa mtoto anavuka barabara tu. Mwalimu, kabla ya Jumatatu twende wote wawili tukaongee nao, na serikali ya mtaa iwepo, maana mimi nikienda peke yangu wataona nawaonea wivu wa wateja.